Siku Saba Kabla ya Mtihani wa Kidato cha Sita: Mwalimu Anajibu Wasomaji

Kila unapokaribia mwisho wa Aprili, barua zinazoifikia safu hii huacha habari za ada na uhamisho, zikabaki na jambo moja: mtihani wa kidato cha sita, ambao huanza mwezi Mei na ambao kwa vijana wengi wa Tanzania ndio mlango wa chuo kikuu. Katika toleo hili nimeziweka kando barua nyingine zote na kuchagua tano ambazo, kila moja kwa njia yake, zinauliza wiki ya mwisho itumiweje. Nimezifupisha na kuondoa majina ya waandishi.

*Shikamoo Mwalimu. Nasoma tahasusi ya PCB, yaani mchepuo wa Fizikia, Kemia na Baiolojia, katika shule ya bweni mkoani Mbeya. Imebaki wiki moja na nina mada tatu ambazo sijazigusa kabisa: elektroniki katika Fizikia, kemia ya udongo katika Kemia, na ikolojia katika Baiolojia. Nimepanga kukesha siku zote saba ili nizimalize, kisha nipitie madaftari yangu yote tangu kidato cha tano. Wenzangu wanasema nitachanganyikiwa. Nifuate lipi?*
Mtahiniwa, Mbeya

Marahaba, mwanangu. Wenzako wamekuambia kweli, ila hawakukuonyesha mahali mpango wako unapovunjika, nami nitaanzia hapo. Madaftari ya miaka miwili kwa masomo matatu hayasomeki kwa siku saba; yatapitiwa kwa macho tu, na macho ni shahidi mdanganyifu. Ukurasa unaoupitia kwa mara ya nne hauna kitu kigeni kwako. Rangi ya kalamu unaijua, hata doa la chai pembeni unalijua, basi moyo unaridhika kwamba somo limeingia. Siku ya mtihani ukurasa ule haupo, lipo swali tu, na hapo ndipo mtu hugundua kwamba alichokuwa akikijua vizuri ni sura ya daftari lake.

Jambo hili limepimwa. Mwaka 2006 wanasaikolojia wawili wa Marekani, Henry Roediger na Jeffrey Karpicke, waliwapa wanafunzi wa chuo vifungu vifupi vya kusoma. Wengine wakavisoma tena, wengine wakafunika maandishi na kuandika yote waliyoyakumbuka. Walipopimwa baada ya dakika 5, waliosoma tena ndio waliokuwa mbele. Walipopimwa baada ya wiki moja, mambo yaligeuka, na waliokuwa wameandika kwa kukumbuka wakawaacha wenzao mbali. Ndiyo maana mwanafunzi anayerudiarudia kusoma hulala akiwa na furaha ambayo hataikuta asubuhi ya mtihani.

Kwa hiyo siku zako saba zitumie kuandika zaidi ya kusoma. Chukua karatasi tupu, andika juu yake jina la mada moja, tuseme utengenezaji wa amonia na kanuni ya Le Chatelier, kisha funga daftari na uandike kwa dakika 15 kila unachokijua, pamoja na milinganyo na michoro. Usichungulie. Muda ukiisha, fungua daftari na kwa kalamu nyekundu ujazie yaliyokosekana. Huenda ukakuta umekumbuka mlinganyo, kichocheo cha chuma na joto la takriban nyuzi 450, lakini umesahau kueleza kwa nini joto la chini zaidi halitumiki ijapokuwa lingeongeza kiasi cha amonia kinachopatikana, yaani kwamba mmenyuko ungekwenda polepole mno. Mstari huo mwekundu ndio somo lako la kesho. Yale uliyoyaandika bila kuchungulia huna haja ya kuyasoma tena wiki hii, na utashangaa jinsi rundo la madaftari linavyopungua unapoanza kusoma wekundu peke yake. Baada ya siku mbili rudia mada ileile kwa karatasi nyingine tupu. Wekundu ukirudi palepale, muulize mwalimu au mwenzako anayejua, kwa maana hapo tatizo ni kutoelewa, na kukariri hakutalitibu.

Nina neno moja kuhusu lugha, kwa sababu naona wengi wakiumia hapo bila kujua. Mnapokaa kwenye diskasheni mnaelezana kwa Kiswahili, na ni vyema, kwani ndivyo mnavyoelewana. Lakini majibu ya masomo yako yote yataandikwa kwa Kiingereza. Nimekaa na wanafunzi wanaoweza kukueleza usafirishaji wa maji katika mmea utadhani ni wakulima waliozaliwa shambani, na walipopewa karatasi wakaandika mistari minne iliyokatika. Karatasi zako tupu za wiki hii ziandike kwa lugha ya mtihani tangu mstari wa kwanza, ili maneno ya kuunganisha hoja nayo yawe yameshapita mkononi.

Sasa mada zako tatu. Usizichukue zote kwa uzito mmoja. Kemia ya udongo ndiyo fupi kuliko zote: uwezo wa udongo kubadilishana ioni chanya, uasidi wake, kiasi cha chokaa cha kuupunguza, na mbolea. Alasiri mbili zinaitosha, na hesabu zake hufanana sana, kwa hiyo ukikokotoa maswali matano ya mitihani iliyopita utakuwa umeishika. Ikolojia unaijua nusu yake tangu kidato cha nne. Soma mizunguko ya nitrojeni na kaboni, mtiririko wa nishati na njia za kukadiria idadi ya viumbe, uishie hapo. Elektroniki ndiyo mada ya kukatwa bila huruma: chukua milango ya mantiki na majedwali yake, kwa sababu hujifunzwa upesi kwa kuchora, na transista uiache. Siku ya nne ikiisha, usifungue mada mpya yoyote, hata ukisikia shule nzima ikisema kwamba lazima itatoka.

Najua kuacha mada kunauma. Jiulize basi alama zinatoka wapi. Kiwango cha chini cha kudahiliwa shahada ya kwanza ni ufaulu katika masomo mawili ya tahasusi wenye jumla ya pointi 4, ambapo A ina pointi 5, B 4, C 3, D 2 na E 1, na kozi za afya huhitaji zaidi ya hapo. Pointi hupandishwa kwa urahisi zaidi pale ulipobakiza kidogo. Kama katika mtihani wa utamilifu (ule wa majaribio kabla ya wa taifa) ulikosa daraja la juu la Baiolojia kwa alama 3, siku moja ya kurekebisha jenetiki, ambayo unaijua kiasi, itakulipa kuliko siku tatu za kufukuzana na transista.

Kuhusu kukesha, jibu langu ni hapana. Mwaka 1924, John Jenkins na Karl Dallenbach wa Chuo Kikuu cha Cornell waliwafundisha wanafunzi wawili orodha za silabi zisizo na maana, wakaona kwamba baada ya saa kadhaa walikumbuka zaidi walipokuwa wamelala kuliko walipokaa macho kwa muda uleule. Tafiti za baadaye zimeendelea kuonyesha kwamba usingizi hushiriki katika kuyaimarisha yaliyosomwa. Wataalamu wa usingizi wa Marekani hupendekeza saa 8 hadi 10 kwa vijana wa miaka 13 hadi 18, nami najua kengele ya bweni haikubali saa 10. Lakini ukilala saa 4 usiku na kuamka saa 12 asubuhi, 8 unazo. Niliwahi kusimamia mtihani wa majaribio ambamo kijana mmoja, aliyekuwa wa pili darasani, aliandika swali la kwanza vizuri, la pili kwa mwandiko unaoteremka kama mtu anayetelemka mlima, na katikati ya la tatu kalamu ikachora mstari mrefu hadi ukingo wa karatasi. Alikuwa amelala. Nilimgusa bega, akaniuliza ni saa ngapi. Alikuwa amekesha siku tatu.

Na usisahau mikono yako. Fizikia, Kemia na Baiolojia zote zina mtihani wa vitendo, na wanafunzi huuacha kwa kuwa hausomeki kitandani. Kama maabara ya shule inafunguliwa, omba saa moja ya kusoma bureti kwa jicho lililo sawa na kiwango cha maji, na kurudia mtiririko wa kutambua ioni. Kama haifunguliwi, chora jedwali la matokeo la kila jaribio kwa kukumbuka, pamoja na vipimo vyake, kwani alama nyingi hupotea kwa jedwali lisilo na vipimo.

*Mwalimu, salaam. Binti yangu yupo kidato cha sita katika shule ya kutwa hapa Morogoro. Anasoma mpaka saa 9 usiku, hali chakula vizuri, na nimegundua ananunua vinywaji vya kuongeza nguvu vya kopo. Baba yake anataka tumletee mwalimu wa tuisheni kila jioni wiki nzima. Mimi sikusoma kufika huko, na sijui msaada wangu uwe upi.*
Mama wa mtahiniwa, Morogoro

Wa alaikum salaam, Mama. Kutosoma kufika huko hakukupunguzii kitu, kwa sababu mambo mengi anayoyahitaji binti yako wiki hii yapo mikononi mwako kuliko mwa mwalimu yeyote.

La kwanza ni saa. Binti wa shule ya kutwa hurudi nyumbani jioni akakuta vyombo, maji, mdogo wake wa kuogeshwa na wakati mwingine wageni wa kuandaliwa; kaka yake, kama yupo, huenda amekwishatoka. Akimaliza yote ni saa 3 usiku, ndipo anapofungua daftari, na hiyo ndiyo sababu ya saa 9. Kabla ya kumgombeza kwa kukesha, tazama alianza kusoma saa ngapi. Mpunguzieni kazi kwa wiki hii na nyingine zinazofuata hadi amalize karatasi ya mwisho, gawa kazi zake kwa wengine wote wa nyumba, na kama kuna ndugu aliyepanga kuja kukaa, mwombe kwa adabu asogeze safari. Akianza kusoma saa 11 jioni, saa 4 usiku taa inaweza kuzimwa bila ugomvi. Mchana wa mwisho wa juma ndio wa kazi nzito ya kuandika. Umeme ukikatika usiku, haitakuwa hasara kubwa.

Vinywaji vile vya kopo viondoke. Kafeini hukaa mwilini kwa muda mrefu kuliko watu wanavyodhani; kwa mtu mzima wa kawaida, baada ya takriban saa 5 nusu yake bado imo. Kopo la saa 3 usiku bado linamkodolesha macho saa 8 usiku, naye anadhani ni bidii. Chai ya asubuhi haina neno kama ameizoea. Chakula kiwe kilekile anachokula siku zote na kwa wakati wake: uji au chai na kitafunwa kabla ya kutoka, ugali au wali na maharage au dagaa, matunda yaliyopo, maji ya kutosha. Wiki hii si ya kujaribu chakula kigeni wala ya kumfurahisha kwa chipsi za kibanda ambacho hamkijui, kwani tumbo likiharibika usiku wa kuamkia Kemia hakuna atakayerudisha siku hiyo. Chandarua kikaguliwe matundu. Akipata homa, apelekwe kupimwa malaria siku hiyohiyo badala ya kumezeshwa dawa za kutuliza tu na kuambiwa avumilie.

Kuna jambo ambalo akina mama hulijua na magazeti hulipita. Angalieni kalenda yake. Kama siku zake za hedhi zitaangukia siku za mtihani, awe na taulo za kutosha kwenye mkoba na ile dawa ya maumivu aliyozoea, siyo mpya, ili asubuhi ile isiwe na hangaiko la kutafuta duka.

Kuhusu tuisheni ya kila jioni, mwambie baba kwa upole kwamba fedha hiyo ingefaa Januari. Mwalimu mgeni anayeingia wiki ya mwisho ana mpangilio wake na msamiati wake, na mara nyingi humwachia mtoto hisia kwamba aliyojifunza miaka miwili yote yalikuwa pungufu. Ikiwa binti ana maswali kumi yaliyomshinda, aende nayo mara moja kwa mwalimu anayemfahamu, yajibiwe, arudi. Nanyi nyumbani msimuulize kila mara amejiandaaje, wala msitaje matokeo ya binamu yake. Muulizeni anataka nini kwa chakula cha jioni.

*Mwalimu, mimi ni mtahiniwa wa kujitegemea wa tahasusi ya HGK (Historia, Jiografia na Kiswahili), nina miaka 29 na ninauza vipuri vya pikipiki hapa Mwanza kuanzia saa 2 asubuhi hadi saa 12 jioni. Bosi amenipa ruhusa ya siku za mtihani tu. Wiki ya mwisho nina saa mbili au tatu kwa siku. Zinatosha?*
Mtahiniwa wa kujitegemea, Mwanza

Ndugu yangu, zinatosha kwa kazi moja kwa siku, hazitoshi kwa nne, basi usijipangie nne. Ninakushauri uzihamishie asubuhi: ukilala saa 4 na kuamka saa 11 alfajiri utapata saa mbili na nusu za akili iliyopumzika kabla ya kufungua duka, ilhali saa hizohizo usiku, baada ya kusimama kutwa nzima, ni saa za kupiga miayo. Dukani, wakati wateja wamepungua, usijaribu kusoma. Toa mfukoni kipande cha karatasi chenye swali moja na ujisemee hoja zake.

Kwa Historia, usiandike insha nzima kila siku. Andika mifupa: utangulizi wa mistari mitatu, hoja sita, na kando ya kila hoja mfano wenye mahali na mwaka. Msahihishaji aliyechoka hutofautisha upesi mtu aliyesoma na mtu anayekisia, na kinachomsaidia kutofautisha ni mfano. Ukiandika kwamba serikali ilitaifisha mali, umesema jambo analoweza kulisema yeyote. Ukiandika kwamba Februari 1967, mara tu baada ya Azimio la Arusha, mabenki ya biashara yalitaifishwa, umeonyesha kwamba unajua unachokizungumzia. Mifupa minne kwa asubuhi moja inawezekana, na siku mbili za Historia zitakupa minane.

Jiografia ipe asubuhi ya usomaji wa ramani, kwa sababu ni ujuzi unaoota kutu. Pima umbali wa barabara iliyopinda kwa uzi, unyooshe uzi huo juu ya kipimio cha ramani, kisha chora mkato wa mlima mmoja kutoka mistari ya kontua. Uzi wenyewe uutie kwenye mkoba wa vifaa pamoja na rula, penseli iliyochongwa na kifutio. Kwa fasihi katika Kiswahili, tenga karatasi moja kwa kila kitabu ulichosoma: wahusika, matukio matano, dhamira zinazotokana na matukio hayo, na nukuu mbili unazozikumbuka kwa uhakika. Nukuu unayoibuni itakuaibisha.

Watahiniwa wa kujitegemea huumizwa zaidi na mambo ya nje ya daftari. Kituo chako cha mtihani huenda ni shule usiyowahi kuingia. Nenda Jumamosi, kwa usafiri uleule utakaoutumia na kwa saa ileile, kwa maana daladala ya saa 1 asubuhi siku ya kazi ina foleni ambayo Jumapili haina. Tazama chumba, choo kiko wapi, na ratiba imebandikwa wapi; uinakili kwa mkono wako, kisha umwoneshe bosi siku zako zote, zikiwemo zile zenye mtihani wa mchana, ili pasiwe na kutoelewana. Karatasi za asubuhi huanza saa 2:00; uwe kituoni saa 1:15, ukiwa na kitambulisho chako na namba yako ya mtihani. Namba hiyo huandikwa katika kila ukurasa wa kijitabu cha majibu, nawe zoea kuiandika tangu sasa kwenye karatasi zako za mazoezi. Simu iache nyumbani. Kuizima tu hakutoshi, kwa kuwa vifaa vya mawasiliano haviruhusiwi ndani ya chumba kwa namna yoyote.

*Mwalimu, kuna kundi kwenye Telegram linasema lina karatasi halisi za mwaka huu, na wenzangu watatu wamechanga. Mimi nikikataa si nitaachwa nyuma?*
Mtahiniwa, Dodoma

Hutaachwa. Wengi wa wauzaji hao huchukua karatasi ya mwaka uliopita, wakabadilisha tarehe juu, wakapokea fedha kwa simu na kufunga kundi. Ikitokea kwa bahati mbaya kuwa karatasi ni ya kweli, hali ni mbaya zaidi, kwa sababu Baraza la Mitihani lina mamlaka ya kufuta matokeo, na limewahi kuyafuta ya watahiniwa wengi miaka iliyopita. Lakini hasara ninayoiona mimi kila mwaka ni ya muda: mwanafunzi aliyenunua majibu huacha kusoma mada nyingine zote siku nne kabla, akakariri alichouziwa kama sala. Toka kwenye kundi hilo leo, na wiki hii uyanyamazishe hata yale makundi halali ya shule, maana nayo yamejaa utabiri wa kila aina.

*Mwalimu, nasoma PCM (Fizikia, Kemia na Hisabati) hapa Tanga. Maswali nyumbani nayaweza, lakini nikiingia chumbani mikono inatetemeka, nasahau hata fomula za kidato cha tano, na muda huniishia nikiwa na maswali mawili mkononi. Katika mtihani wa utamilifu nilishindwa Hisabati kwa sababu hiyo. Je, ninaweza kujitibu kwa wiki moja?*
Mtahiniwa, Tanga

Mwanangu, una matatizo mawili yaliyofungwa kamba moja: hofu na muda. Tuanze na la muda, kwa sababu lina hesabu, na ukilipunguza hilo hofu nayo hushuka.

Karatasi ya saa 3 yenye alama 100 ina dakika 180. Toa 10 za mwanzo za kusoma karatasi na kuchagua maswali, toa 10 za mwisho za kukagua, utabaki na 160, yaani dakika 1.6 kwa kila alama. Swali la alama 10 lina dakika 16, la alama 15 lina 24, la alama 20 lina 32. Hesabu hizi ziandike pembeni mwa karatasi ya maswali mara tu unaporuhusiwa kuandika. Dakika za swali zikiisha na bado hujafika, acha nafasi ya nusu ukurasa uende linalofuata, utarudi. Wewe, nadhani, hukwama kwenye swali la pili kwa dakika 45 kwa sababu unajua kwamba unaliweza, na kiburi hicho, samahani kukiita hivyo, ndicho kinachokula maswali mawili ya mwisho. Soma pia maelekezo ya kila sehemu. Panapotakiwa maswali mawili kati ya manne, ukijibu manne unajipunja mwenyewe muda, na wapo wanaofanya hivyo kila mwaka wakidhani wanaongeza nafasi ya kupata.

Wiki hii fanya karatasi mbili kamili za miaka iliyopita, siyo zaidi, kwa saa 3 za mfululizo, kuanzia saa 2:00 asubuhi, kwenye kiti kigumu, ukiwa na kikokotoo kilekile utakachoingia nacho, kisichoweza kuwekewa programu. Mwombe mtu asimame mlangoni na kutangaza dakika 30 za mwisho kwa sauti ya msimamizi. Lengo ni mwili wako uzoee kiti, saa na sauti ile, ili siku yenyewe kusiwe na kigeni ila maswali. Karatasi ya pili iwe siku tatu kabla ya mtihani. Baada ya hapo ni fomula na karatasi tupu tu, na jioni ya mwisho funga vitabu saa 12, panga vifaa vyako, utembee kidogo, ule, ulale.

Kuhusu kutetemeka, moyo kwenda mbio si dalili kwamba umesahau. Mwili hujiandaa hivyohivyo kwa mchezo wa mpira, na mchezaji haombi kutolewa. Lipo zoezi ambalo watafiti wa Chuo Kikuu cha Chicago, Gerardo Ramirez na Sian Beilock, walilichapisha mwaka 2011: wanafunzi wenye hofu walioandika wasiwasi wao wote kwa dakika 10 muda mfupi kabla ya mtihani walifanya vizuri kuliko wenzao wenye hofu ambao hawakuandika. Siwezi kukuahidi kwamba litakufaa kama lilivyowafaa wao, lakini gharama yake ni karatasi moja, nayo uichane kabla ya kuingia. Ukishakaa, shusha pumzi polepole mara tano, ukitoa hewa kwa muda mrefu kuliko unavyoivuta. Ruhusa ya kuandika ikitolewa, zimwage fomula unazoogopa kuzisahau kwenye kurasa za mwisho za kijitabu cha majibu, utakazozikata kwa mstari mmoja baadaye, kisha anza na swali unalolijua kuliko yote hata kama ni la saba. Kalamu ikishatembea dakika kumi, mikono huacha kutetemeka yenyewe. Nimeliona hilo kwa wanafunzi wengi mno kulitilia shaka.

Ukitoka kwenye karatasi ya kwanza ya Hisabati utakuta nje duara la wenzako wakilinganisha majibu, na mmoja wao, mwenye sauti kubwa kuliko wote, atakuwa amepata 7/3. Usisimame hapo. Nenda ukanywe maji na utafute kivuli, kwa sababu karatasi ya pili bado inakungoja.